Shule Si Sadaka: Venye Mtoto Mwenye Ulemavu Alifika Darasani Kenya

Kuna neno moja la mtaa ambalo limekuwa likinisumbua. Neno lenyewe ni "kusaidiwa".

Hapa Mukuru kwa Reuben, mtoto wa jirani akianza gredi ya kwanza watu husema tu "ameanza shule". Basi. Hakuna mtu anapiga makofi. Lakini mama ambaye mtoto wake hatembei, ama haongei, ama anachelewa kuelewa mambo, akipata nafasi shuleni stori inabadilika: "Mama fulani alisaidiwa. Mtoto wake alichukuliwa." Manze, alichukuliwa! Kama mzigo uliosahaulika kwa steji.

Na serikali ni ile ile. Ushuru wa sukari na mafuta ya taa tunalipa wote, hata huyo mama. Sasa mbona mtoto mmoja anaanza shule na mwingine anasaidiwa?

Hilo swali nimelichimba kwa miezi kadhaa. Niliacha chuo, kwa hivyo hakuna lekchara atanipa alama kwa hii kazi. Lakini ndugu yangu mdogo ako na mtindio wa ubongo, na foleni ambazo nimekaa na mathe kwa sababu yake sijui kama zinahesabika. Jibu nililopata liko kwa historia. Elimu ya watoto wenye ulemavu Kenya ilizaliwa kama sadaka. Baadaye ikageuzwa kuwa haki. Lakini sisi huku chini hakuna mtu alikuja kutuambia kwamba imegeuka, kwa hivyo bado tunaenda kwa geti la shule tukiwa tumeinamisha kichwa.

Twende pole pole, mwaka kwa mwaka. Ukijua kitu kilianza vipi, inakuwa ngumu mtu kukudanganya juu yake.

Thika, 1946

Vita vya Pili vya Dunia viliisha 1945. Waafrika wengi walikuwa wamepelekwa kupigania Uingereza, na wengine walirudi bila macho. Mwaka 1946, Jeshi la Wokovu, lile kanisa tunaita Salvation Army, lilianzisha kituo cha vipofu pale Thika. Hapo ndipo ilipokua Shule ya Vipofu ya Thika, na wengi wanaoandika historia ya elimu maalum Kenya huanzia hapo.

Angalia hicho kitu vizuri. Chanzo hakikuwa serikali kukaa chini na kuuliza, "Watoto wetu wasioona watasoma wapi?" Chanzo kilikuwa kanisa na huruma kwa watu walioumizwa na vita. Serikali ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na usiulize ni gani zilipata pesa kidogo. Mtoto Mwafrika mwenye macho na miguu yote miwili alikuwa anapigania nafasi kwa shule ya misheni. Yule asiyeona, nani angemkumbuka?

Miaka ya hamsini vikaja vyama. Chama cha Vipofu cha Kenya kilianzishwa kwa sheria mwaka 1956. Mwaka 1958 kikaja chama cha watoto viziwi, na mwaka huo huo chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambacho hadi leo kinajulikana kama APDK. Mwaka 1961 Kanisa Katoliki likafungua shule za viziwi Nyang'oma, kule Bondo, na Mumias. Mwaka 1962 Jeshi la Wokovu likarudi tena Thika na shule ya Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Enzi hizo polio ilikuwa bado inaangusha watoto, na wengi walibaki na miguu isiyobeba mwili.

Sasa unganisha hizo nukta. Karibu kila mahali unapata kanisa, mfadhili, bweni, na umbali kutoka nyumbani. Bweni lilikuwa na sababu yake. Walimu waliojua breli ama kufundisha viziwi walikuwa wachache sana, kwa hivyo ilikuwa rahisi kuwaleta watoto mahali walimu walipo kuliko kuwasambaza walimu nchi nzima. Hesabu hiyo naielewa. Lakini fikiria venye ilionekana kule kijijini. Siku moja anakuja padre ama mfanyakazi wa misheni, mtoto anaondoka na sanduku dogo la mbao, na hamuoni tena hadi likizo. Mimi naona ndiyo maana hadi leo tunasema "alichukuliwa".

Na sitaki mtu aseme nadharau hizo shule. Zilifanya kazi wakati hakuna mwingine alikuwa anafanya. Mchukue Michael Ndurumo. Alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto, akasoma shule ya viziwi ya Mumias, akaenda Marekani, akarudi na shahada ya uzamifu na kuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tena alikuja kupigania lugha ya ishara darasani, kwa sababu kwa miaka mingi shule za viziwi zilikuwa zinalazimisha watoto wasome midomo na kujaribu kuongea, huku mikono yao ikikatazwa kusema. Kwa hivyo hata ndani ya sadaka kuna watu waligeuka wakasema, hii tunayopewa haitoshi, na venye tunapewa si sawa.

Ripoti mbili za 1964

Uhuru ulikuja Desemba 1963. Mwaka uliofuata, serikali mpya ilikuwa na tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde. Wengi wetu tulimsikia Ominde kwa somo la historia, tukakariri jina tukapita. Lakini kuna kitu hawakutuambia. Ripoti yake ilipendekeza kwamba watoto wenye ulemavu usio mkali wasome kwenye shule za kawaida, pamoja na wenzao.

Rudia hiyo. Mwaka wa 1964.

Mwaka huo huo kulikuwa na kamati nyingine chini ya Ronald Ngala, mwanasiasa wa Pwani, iliyoangalia utunzaji na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Kazi yake ilizaa waraka rasmi wa serikali, Sessional Paper namba 5 ya 1968. Kwa mara ya kwanza serikali ya Kenya iliandika kwa karatasi yake yenyewe kwamba hii ni kazi yake pia, si ya kanisa peke yake.

Mbele kidogo, mwaka 1994, wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakatangaza kwamba shule za kawaida zinafaa kupokea watoto wote. Dunia nzima ikashangilia. Ominde alikuwa amesema sehemu ya hayo maneno miaka 30 kabla. Kwa hivyo msee akikwambia hii mambo ya kuchanganya watoto darasani ni fikira za wazungu za juzi, mwambie aende asome Ominde.

Mbona sasa haikufanyika? Jibu halina siri kubwa: pesa, na nani yuko mbele kwa foleni. Nchi changa ilikuwa inataka makarani, walimu na madaktari haraka. Shule za kawaida zenyewe hazikutosha. Mwaka 1974 serikali iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, na watoto wakafurika. Halafu shule zikaanza kudai pesa ya majengo, na ile karo iliyotolewa kwa mlango ikarudi kwa dirisha. Familia yenye watoto watano na pesa ya watatu ilikuwa inajua nani atabaki nyumbani. Hakuna mtu alihitaji kulisema kwa sauti.

Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ikaongea tena, safari hii ikisisitiza kwamba watoto watambuliwe mapema. Unaona mchezo? Ripoti inafuata ripoti, kila moja inasema ukweli, kila moja inawekwa kwa rafu.

Linganisha na Marekani. Mwaka 1975 walipitisha sheria iliyosema kila mtoto mwenye ulemavu apate elimu ya umma bila malipo, na aandikiwe mpango wake mwenyewe, mzazi akiwa mezani. Sisemi kule kila kitu ni sawa. Nasema kule mzazi alipewa kitu cha kushika mkononi. Sisi wakati huo tulikuwa na mapendekezo, na huwezi kuingia ofisini na pendekezo ukamuuliza mtu mbona hajalitimiza.

1984: Mtoto anaangaliwa vizuri

Mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, yalikuja 1984, na karibu hakuna mtu mtaani anayajua. Mwaka huo, kwa ushirikiano na serikali ya Denmark, Kenya ilianza vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, vile kwa kifupi huitwa EARC. Miaka miwili baadaye, 1986, ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, ambayo iko Kasarani, ya kufundisha walimu wa hii kazi.

Tathmini, ile wazazi wengi huita asesimenti, inafanya nini? Mtoto analetwa na mzazi. Walimu waliofunzwa wanaangalia anasikia vipi, anaona vipi, anatembea na kushika vitu vipi, anaelewa nini, anawasiliana kwa njia gani. Wanakuuliza kuhusu mimba, kuzaliwa, magonjwa. Kama kuna kitu cha hospitali wanakuelekeza hospitali. Mwisho wanaandika ripoti inayosema huyu mtoto anahitaji nini na asome wapi: darasa la kawaida akipewa vifaa na uangalizi, ama kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, ama shule maalum, ama afundishwe nyumbani.

Inaonekana kama karatasi tu, lakini iligeuza swali. Kabla ya hapo swali lilikuwa, "Nani atamhurumia huyu mtoto?" Ukishakuwa na ripoti, swali ni, "Huyu mtoto anahitaji nini, na nani hajampa?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. La kwanza unauliza ukiwa umepiga magoti.

Lakini karatasi ambayo ni mlango inaweza kuwa kufuli pia. Bila ripoti, mtoto haonekani kwa hesabu ya serikali kama mwenye mahitaji maalum. Na kupata ripoti ni lazima ujue kituo kiko wapi, uwe na nauli, na ukose kibarua siku hiyo. Mama anayesimama asubuhi kwa geti la kiwanda Industrial Area akingoja kuchaguliwa, akikosa siku moja watoto wanalala njaa. Kumbuka anaenda na mtoto wa miaka saba mgongoni, kwa matatu ambayo makanga anaangalia akiona atachukua nafasi ya watu wawili.

2003: Mlango unafunguliwa, na wengi hawaingii

Wazazi wetu wanakumbuka hiyo Januari. Narc walikuwa wameshinda Desemba 2002, Kibaki akaingia, na elimu ya msingi ikawa bure. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni. Serikali ikaanza kutuma shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma.

Mwaka huo huo yalifanyika mambo mengine mawili. Kamati iliyoongozwa na Dkt. Edward Kochung iliangalia hali ya elimu maalum. Na bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Sheria hiyo ilisema taasisi ya elimu haiwezi kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake kama anaweza kujifunza, na ilianzisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Kwa karatasi, ule ulikuwa mwaka mtamu. Sasa leta huo mwaka hapa Mukuru.

Ardhi ya Mukuru kwa sehemu kubwa imeandikwa majina ya watu binafsi na makampuni. Iligawiwa zamani iwe ya viwanda, haikujengwa, na watu waliokuwa wanafanya kazi kwa viwanda vya karibu wakajijengea hapo mabati yao. Kwa ramani ya mji tulikuwa kama hatuko. Na mahali ambapo serikali inasema hakuna watu, haijengi shule. Ilikuwa hadi Agosti 2017 ndipo kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la mipango. Tunaongea kuhusu kama kaya laki moja.

Kwa hivyo elimu ya bure ilipokuja, watoto wengi wa huku walikuwa kwa shule ndogo za mabati za watu binafsi na makanisa, zile ambazo mzazi analipa kidogo kidogo kila wiki. Zile shilingi 1,020 zilikuwa za shule za umma. Mtoto mwenye ulemavu hapa alifungiwa nje mara mbili: kwanza kwa sababu ya mahali amezaliwa, pili kwa sababu ya mwili amezaliwa nao. Hata angepata nafasi kwa shule ya umma iliyo karibu, alikuta darasa la watoto 80, 90, mwalimu mmoja. Mwalimu mwenyewe alikuwa anazama, na huwezi kumuuliza mtu anayezama mbona hajakushika mkono.

Na nani alikuja kujaza pengo? Kanisa, tena. Sista Mary Killeen, Mwairishi wa Masista wa Mercy, alianza kazi Mukuru miaka ya 1980, na kutoka hapo zikatokea shule kadhaa. Kuna pia Songa Mbele na Masomo, kituo cha watoto wenye ulemavu. Hapa kwetu Reuben kuna Ruben Centre ya Christian Brothers, yenye shule, kliniki na kitengo cha mahitaji maalum. Kuna watoto nimekua nao ambao wangekuwa bado wamelala kwa mkeka nyuma ya pazia kama si hao watu. Nawaheshimu bila masharti.

Lakini tuseme ukweli. Hiyo ni Thika ya 1946 tena, safari hii ikiwa imeezekwa mabati. Karibu miaka sitini baadaye, mtoto wa Mukuru mwenye ulemavu bado alikuwa anategemea kama kuna mtu mzuri alipita karibu na kwao.

2010 hadi sasa: Msaada unageuka haki

Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilizinduliwa. Wengi wetu tulikuwa watoto, tunakumbuka tu wimbo na likizo. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ako na haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ako na haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima, kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa.

Kuitwa kwa heshima. Hiyo imeandikwa kwa Katiba, si adabu tu ya nyumbani. Na hapa Kiswahili chenyewe kinafaa kujiangalia. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: yote yanaanza na ki-, kama kiti na kijiko. Tukiongea tunasema "kipofu anaimba", hatusemi "kinaimba", kwa hivyo hata lugha yenyewe inajua huyo ni mtu. Lakini jina lenyewe limemuweka kwa kabati ya vitu. Ndiyo maana siku hizi watu wanasema "mtu mwenye ulemavu" ama "mtu asiyeona". Neno "mtu" linatangulia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ikafuata 2013. Kifungu cha 34 kinakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumuingiza ama kumkataa, isipokuwa ule wa kujua aanzie wapi. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri jukumu la kutoa mafunzo na vifaa kwa wanafunzi wenye ulemavu. Mtaala mpya wa umilisi nao ukaweka njia ya hatua kwa hatua kwa watoto wasioweza kufuata gredi za kawaida, inayoanza na mambo ya kujitunza na kuwasiliana hadi kazi za mikono. Na Mei 2025, Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada huo ulisukumwa bungeni na Seneta Crystal Asige, mwanamuziki ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Mtu aliyeishi hiyo maisha alishika kalamu.

Kwa hivyo ukiniuliza leo kama kuna haki, nakwambia iko. Imeandikwa kila mahali. Shida ni kwamba haki imehamia kwa vitabu, lakini tabia ya sadaka imebaki kwa ofisi, na imebaki kwa vichwa vyetu pia.

Wacha niwape mfano wa nyumbani. Mathe alizunguka na ndugu yangu shule kadhaa. Moja, sitaitaja, mwalimu aliyekuwa ofisini hakuwa hata mbaya. Alitukaribisha, akasikiliza, halafu akasema kwa sauti ya upole, "Mama, hapa hatuna mwalimu wake. Jaribu kwa masista." Mathe akasema asante. Akamshukuru! Tulipofika nje nikamuuliza mbona amesema asante. Akanijibu, "Angalau huyu hajanifukuza."

Hiyo sentensi ndiyo ilinitoa kwa simu nikaanza kusoma hizi ripoti. Mwanamke anayelipa ushuru, mbele ya shule ya umma, kwa nchi yenye Kifungu cha 53 na 54, anashukuru kwa sababu hakufukuzwa. Unadhani alijifunza hiyo wapi? Nyanya yake alijifunza kwa geti la misheni.

Karatasi mbili, na usizichanganye

Sasa, historia bila kitu cha kutumia kesho asubuhi ni porojo. Hii nimejifunza kwa foleni na nawapatia bure.

Kuna karatasi mbili tofauti, na wazazi wengi huku wanadhani ni moja. Ya kwanza ni ripoti ya tathmini ya elimu kutoka EARC. Hiyo ndiyo inasema mtoto asome wapi na vipi. Ya pili ni ya kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu: hiyo inaanzia hospitali ya serikali, madaktari wanathibitisha ulemavu, kisha unasajiliwa. Kadi ya Baraza haimpeleki mtoto darasani. Ripoti ya EARC haikupi yale manufaa ya Baraza. Tafuta zote mbili, na usiruhusu mtu akuzungushe kati ya ofisi mbili kwa sababu hakukuuliza unatafuta gani.

Piga nakala ya kila kitu. Cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, barua za hospitali, weka kwa bahasha moja ya kaki. Shule ikisema haina nafasi ama haina mwalimu, omba kwa heshima waandike hivyo kwa barua. Mara nyingi mtu anayesema "haiwezekani" kwa mdomo huanza kufikiria upya akiambiwa aandike. Ukipata hiyo barua, ipeleke pamoja na ripoti kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ukienda, enda na mtu. Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia, wasee. Mama wengi hawakosi akili wala moyo, wanakosa mtu wa kumshikia mtoto akiwa kwa dirisha la ofisi, ama wa kusoma fomu ya Kiingereza. Hiyo unaweza. Ni asubuhi moja tu ya maisha yako.

Sisi tulifanya hivyo. Ripoti ikapatikana, ikaenda ofisini, na baada ya kuzungushwa kidogo ndugu yangu akapata nafasi kwa kitengo ndani ya shule ya kawaida. Sitawapaka mafuta. Mwalimu wao ako na watoto wengi kuliko anavyofaa. Kiti cha magurudumu kikikutana na matope ya Mei, tunambeba. Nauli ya bodaboda inakula pesa ya mboga. Lakini dogo anajua herufi za jina lake, na ako na rafiki anaitana naye kwa kupiga meza mara mbili.

Kuna kitu pia kinanitia wasiwasi. Vile 1984 mpango ulianza na pesa za Denmark, mambo mengi ya hawa watoto hadi leo yanasimama kwa pesa za wafadhili. Mfadhili ako na haki ya kuamka siku moja aseme imetosha. Sadaka inaweza kuisha na hakuna mtu utamshtaki. Ndiyo maana ubishi wangu kuhusu neno "kusaidiwa" si wa maneno tu. Tukiendelea kuita shule ya mtoto mwenye ulemavu msaada, siku bajeti ikikatwa tutaonekana watu tunaolilia zawadi. Tukiiita jina lake, kuna mtu atalazimika kujibu.

Kwa hivyo ukikutana na mama hapo karibu na kituo cha chifu, amembeba mtoto mkubwa mgongoni na bahasha ya kaki kwa mkono, tafadhali usimwambie "Mungu atakusaidia". Anamjua Mungu kukushinda. Muulize ripoti ya mtoto imesema nini, na ofisi gani bado haijafanya ilichoandikiwa kufanya. Halafu kama uko na asubuhi moja, twende naye.